Siku Niliyomwandika Tatu Hayupo

Walimu wenzangu mliobaki kazini,

Siku mliyoniaga mlinitania sana kuhusu namna yangu ya kuita majina. Mmoja wenu alisimama mbele ya wageni akashika daftari la mahudhurio, akaita jina moja, akavua miwani, akamkodolea macho mtoto ambaye hayupo mpaka watu wakaanza kucheka, ndipo akaita la pili. Mlisema darasa langu lilikuwa linamaliza kipindi cha kwanza kabla sijafika katikati ya daftari. Nilicheka pamoja nanyi kwa sababu ni kweli. Kisha ikasomwa barua ya mwanafunzi wangu wa zamani, mkapiga makofi, nami nikainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Nimechoka, na mgongo hauniruhusu kukaa kitini kwa muda mrefu. Hata hivyo naona niwaandikie tabia yangu hiyo ilitoka wapi. Vyeo na mishahara mtavikuta kwenye jalada langu, kama panya hawajavimaliza.

Nilianza kazi miaka ya vita vya Hitla, katika shule ndogo upande wa Kishapu, vyumba viwili vya udongo na paa la nyasi. Siku ya kwanza nilivaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi ya mkaa, na soksi mpaka magotini. Ilipofika saa nne asubuhi nilikuwa rangi ya vumbi kama watu wengine wote, na tangu hapo sikujisumbua tena na soksi. Kengele ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mgunga. Ubao ulikuwa mbao tatu zilizopigiliwa pamoja, tukazipaka mkaa wa betri kuukuu uliosagwa. Chaki zikiisha tuliandika kwa vipande vya muhogo mkavu, na ilibidi kuwachunga watoto wasizile.

Baadhi ya wanafunzi wa darasa la kwanza walikuwa na ndevu. Mmoja, aliyenizidi kimo na pengine umri, aliniita "nkoi", yaani rafiki yangu, mbele ya darasa zima. Sikujua kama nimwadhibu au nimpe mkono.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa Mwalimu Zakaria, mzee mfupi mwenye sauti ya chini. Alikuwa amefundisha tangu siku ambazo wazazi walificha watoto porini wasiandikishwe. Wiki yangu ya kwanza nilimkuta asubuhi amesimama nyuma ya shule, ameegemea ukuta, anatazama vijia ambavyo watoto huvitumia kuja.

"Mwalimu Shija," akaniambia, "ukitaka kujua nani anaonewa usiulize. Hutajibiwa. Simama hapa utazame miguu."

"Miguu, mzee?"

"Mtoto hupita njia fupi. Ukiona anakuja kwa njia ndefu, kuna kitu kwenye ile fupi."

Siku hiyo alinionyesha mtoto mmoja mdogo aliyekuja miguu imelowa umande mpaka mapajani, na hali wenzake wa kijiji hichohicho walikuja wakavu. Alikuwa anakata katikati ya mashamba ya uwele. Tulipofuatilia tukakuta vijana wawili wakubwa humngoja njiani na kumwachia ndama wao awachunge, wao wakawahi mstari wa namba. Nilikwenda kutafuta fimbo. Mwalimu Zakaria hakuitaka. Asubuhi tatu mfululizo alikwenda mwenyewe mpaka kijijini akatembea na wale watatu, akiwauliza habari za ng'ombe. Siku ya nne aliwaambia wale wakubwa kwamba mdogo akichelewa watahesabiwa wao ndio wamechelewa. Basi, ikaisha. Mimi niliona ni kupoteza muda. Nilikuwa kijana, na fimbo ilikuwa karibu.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa upande wa Geita, shule iliyokuwa jirani na mgodi wa dhahabu. Nilikwenda kwa lori la mizigo kupitia Kahama na Masumbwe, nimekalia gunia la chumvi, nikafika sina mfupa usiouma. Pale hatukuwa na haja ya saa. King'ora cha mgodini kilipolia kubadilisha zamu, nasi tuligonga kengele yetu. Watoto wengi walikuwa Wasukuma, wana wa wakulima na wafugaji wa pale, wachache Wazinza, na wachache zaidi watoto wa wafanyakazi wa mgodini waliotoka kila pembe ya nchi. Nyuma ya kiwanja cha mpira palikuwa na mashimo ya zamani, yaliyochimbwa na watu waliokuwa wanapima kama kuna dhahabu. Hawakuikuta, wakaondoka, wakaacha mashimo wazi. Mengine yalikuwa marefu kuliko mtu mzima. Tuliwakataza watoto kwenda huko, kama tulivyowakataza mambo mengi.

Mgodini palikuwa na seremala Mzaramo aitwaye Fundi Kondo. Kazi yake ilikuwa kupasua magogo ya kuzuia kuta za mgodi zisiporomoke, na mtu akifa, yeye ndiye aliyetengeneza sanduku. Mkewe, Mama Tatu, alikaanga vitumbua akiwauzia watu wa zamu ya asubuhi. Nazi hazikuwepo, kwa hiyo alitumia maziwa ya ng'ombe, na kila aliyenunua alielezwa kwanza kwamba hivi si vitumbua hasa. Walikuwa na binti mmoja, Tatu, wa miaka kumi na mmoja hivi, aliyekuwa amesoma madarasa mawili huko kwao pwani. Darasani kwangu nilikuwa na wasichana watatu tu, na mkaguzi alikuwa ameniuliza wengine wako wapi. Nikaenda kumwomba.

Hapa lazima niseme kuhusu utani, maana nyinyi vijana mnaujua kwa kuusikia tu. Sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu zamani za wapagazi waliobeba mizigo mpaka pwani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kukuvua kofia akaenda nayo. Kwenye msiba wako ataruka ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka apewe kitu. Nawe hukasiriki, kukasirika ni aibu. Baba yangu alinisimulia mara nyingi jinsi kaka yake alivyofia njiani karibu na pwani, na jinsi Wazaramo wasiomjua walivyomwosha na kumzika, huku wakimtukana tangu mwanzo mpaka mwisho kwamba Msukuma ni mzito hata akiwa maiti. Baba alipofika hapo alikuwa anacheka na kufuta machozi. Kwa hiyo mimi nilimpenda Mzaramo kabla sijamwona.

Fundi Kondo alinipokea kama inavyopaswa. "Msukuma," alisema, "nikikupa mwanangu, utanirudishia mtu au utanirudishia ng'ombe?"

"Nitakurudishia mtu, mtani."

"Tutaona. Kwenu hamjui tofauti."

Mama Tatu hakucheka. Aliuliza nani atakuwa na binti yake njiani, na kama kuna msichana mwingine wa kutoka mgodini. Nilimwambia hakuna, lakini asiwe na wasiwasi, mimi nipo.

Asubuhi Tatu alipofika, amevaa gauni la rangi ya maji na mtandio mweupe, nilimsimamisha mbele ya darasa. Nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha husema ovyo. Nilisema, "Huyu ni Tatu Kondo. Ni Mzaramo, mtani wetu. Amekuja kutumalizia michembe yetu ya viazi." Darasa lilicheka mpaka vumbi likadondoka kwenye paa. Tatu naye alicheka kidogo.

Kiranja wa darasa alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi, aitwaye Makoye. Alikuwa hodari wa hesabu kuliko wote niliowafundisha, na nilimpenda, sifichi. Alinyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo ruhusa kumtania?"

"Msipomtania," nikasema, "atadhani mnamchukia."

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa kinywa changu, mbele ya watoto arobaini. Mengine yote yalifuata hapo.

Mwanzoni ilikuwa kweli utani. Walimwambia Wazaramo hawajui kushika jembe, wanajua kushika ngoma tu. Kisha wakaanza kuchukua vitumbua vyake wakati wa mapumziko, maana mtani akichukua hadaiwi. Kisha mtandio. Kisha wakampaka matope, wakisema ndivyo inavyofanywa msibani. Kila siku kulikuwa na kicheko, na kicheko ndicho nilichokuwa nakisikia. Nilipita nikiwa na kidau cha wino mkononi, nikaona watoto wameinama wanashika mbavu, nikasema moyoni shule yangu ina furaha.

Alikuja kunishtakia mara moja tu. Nilikuwa nasahihisha hesabu.

"Mwalimu, wananichukulia vitu vyangu."

"Hao ni watani wako, Tatu. Nawe wachukulie."

"Wao wako watano, mwalimu. Mimi niko peke yangu."

"Basi wajibu. Mzaramo gani wewe usiyejua kujibu?" Nikatabasamu, nikarudi kwenye hesabu. Akasimama kidogo pale, kisha akasema ahsante, mwalimu, akatoka.

Wiki ile niliona miguu yake. Njia ya kutoka mgodini ni barabara nyeupe, lakini miguu ya Tatu ilikuwa na udongo mwekundu, ule wa kwenye mashimo. Alikuwa anazunguka nyuma ya kiwanja ili asikutane na wenzake. Niliona, walimu wenzangu. Nilikuwa nimefundishwa kuona na mtu aliyeijua kazi, na niliona. Nikafikiri labda anapenda kuchuma matunda ya porini.

Siku yenyewe ilikuwa mwanzo wa mvua za vuli. Wakati wa mapumziko ya mchana Makoye na wenzake wanne walimkuta Tatu kwenye njia yake ya mashimo. Waliamua kumfanyia msiba. Walimlaza kwenye machela ya fito, wakamfunika majani, wakamtembeza wakiimba na kulia kama wanawake. Walipofika kwenye shimo wakamwambia aruke ndani adai zawadi yake, maana mtani huruka kaburini. Alikataa. Wakamteremsha kwa kumshika mikono, na mmoja akaachia kabla ya wakati. Alianguka akavunjika mkono wa kushoto. Hapo kipande cha reli kikalia, nao wakakimbia kuwahi namba. Baadaye walisema walikusudia kurudi kumtoa. Nawaamini. Watoto hukusudia mengi.

Mchana tuliita majina nje, kwenye mstari, upande wa kiwanja. Niliita kwa haraka kama nilivyozoea, macho kwenye daftari, kalamu mkononi. Aliyepo alipata mstari mdogo, asiyekuwepo alipata duara. Nikafika kwa Tatu Kondo. Nikaandika duara.

Mvua ilianza kabla hatujafunga shule, ile mvua ya kwanza inayokuja yote kwa mara moja. Watoto walitawanyika wakikimbia, vitabu wameficha tumboni. Wale watano nao walikimbia pamoja na wengine. Mimi nilibaki darasani nikihamisha daftari kutoka sehemu moja inayovuja kwenda nyingine. Ndipo Mama Tatu akaingia, amejifunika gunia.

"Mwalimu, Tatu yuko wapi?"

"Hakuwepo tangu mchana, mama. Nilidhani amerudi nyumbani. Nimemwandika hayupo." Nikamfungulia daftari nimwonyeshe, kama mtu anayetoa ushahidi.

Mama Tatu hakujua kusoma. Alitazama ule ukurasa, akaweka kidole chake kilicholowa juu ya duara. "Hiki ndicho mwanangu?" aliuliza. Wino ukatanuka chini ya kidole chake mpaka ukafunika jina la juu na la chini.

Nilichukua kamba ya kisima nikakimbia. Sikumwita Makoye, sikumwuliza mtu yeyote, nilivuka kiwanja moja kwa moja mpaka kwenye shimo la tatu. Maji yalikuwa yamemfika kifuani. Alikuwa ameegemea ukuta, ameshika mzizi kwa mkono mzima. Niliteremka. Mama yake na mlinzi wa shule, walionifuata mbio, walivuta kamba. Dresa wa zahanati alimfunga mkono kwa vipande viwili vya ubao, na alisema mvua ingeendelea nusu saa nyingine tungehitaji ubao wa aina nyingine. Watu wengi walinisifu jioni ile kwa kufika upesi. Hakuna aliyeniuliza nilijuaje pa kukimbilia.

Asubuhi iliyofuata wale watano walikuwa wamesema wenyewe. Mwalimu mkuu wa pale aliagiza viboko mbele ya shule nzima, na mpigaji nikawa mimi. Nilipiga mpaka bega likauma. Makoye hakulia. Alinitazama muda wote kama mtu asiyeelewa hesabu aliyopewa, na sasa najua alikuwa na haki ya kunitazama hivyo, kwa kuwa ruhusa aliipata kwangu.

Nilipokuwa namalizia akaja Fundi Kondo na nguo zake za kazi, penseli sikioni, futi ya kukunja mkononi. Alipita katikati ya mstari wa watoto mpaka mbele yangu. Hakunisalimu. Aliikunjua futi akanipima kuanzia utosini mpaka kisiginoni, kisha mabega. Watoto wakaanza kucheka kwa sababu walijua ni utani. Akaandika vipimo kwenye kipande cha ubao.

"Nilidhani u mrefu zaidi," alisema. "Mbao zitabaki." Watoto wakazidi kucheka. "Mwalimu Shija, ukifa kesho nani atakutengenezea sanduku?"

"Wewe, mtani."

"Nani atakutukana njia nzima mpaka kaburini?"

"Wewe."

"Na wageni wakiondoka, nani atawapikia wanao uji?"

"Wewe na mama."

"Basi ndiyo maana mimi nina ruhusa ya kukutukana." Kicheko kilikuwa kimekwisha. Aligeuka akawatazama wale watano waliokuwa bado wameshika makalio yao. "Hawa wangemwosha mwanangu? Wangempikia mama yake uji? Nani aliwaambia wao ni watani?"

"Ni mimi," nikasema.

"Najua. Ulinitania nikuamini, nikakuamini." Akakunja futi yake. "Fimbo umemaliza, ni zako na serikali yako. Mimi nataka utani wangu. Walianza msiba, waje waumalize."

Alichotaka kilikuwa hiki. Tatu ndiye aliyekuwa akimtekea mama yake maji na kumtwangia mchele wa vitumbua, na sasa hakuweza. Kwa hiyo wale vijana watano, kila jioni baada ya masomo, watakwenda kambini kuteka na kutwanga mpaka mkono upone. Mwalimu mkuu aliguna kwamba hilo halimo katika kanuni za idara. Fundi Kondo alimwambia hata shimo halimo.

Basi vijana wa Kisukuma wakashika mchi kwenye kambi ya wachimbaji, watu wa zamu wakiwapita na kuwashangilia. Siku ya pili baba yake Makoye alikuja na mkuki wake, mtu mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, kuona nani amemgeuza mwanawe mwanamke. Fundi Kondo alimkaribisha kiti na kumwuliza kama mkuki ule ni wa kumchomea kitumbua. Mzee akakaa. Alikula kimoja, akamwona Tatu ameegemea ukuta na ule mkono uliofungwa ubao. Kisha akamwambia mwanawe kwa Kisukuma aongeze nguvu, mchele haujalainika vizuri.

Tatu alikuwa anakaa barazani anawatazama. Wiki ya pili nilimsikia akisema, "Makoye, unatwanga au unaua panya?" Wenzake Makoye walicheka, na Makoye mwenyewe akacheka, akajibu kwamba panya wa pwani ni wagumu kufa. Mama Tatu aliwafukuza wote kwa mwiko. Huo sasa ulikuwa utani, na ulikuwa unasikika tofauti kabisa na kile kicheko nilichokuwa nakisikia shuleni. Nilishangaa sikuijua tofauti hiyo kabla.

Lakini shuleni hakurudi. Nilikwenda kila siku jioni kumwomba. Nilimwahidi dawati la mbele, nilimwahidi kwamba Makoye si kiranja tena. Alisikiliza kwa heshima, akasema bado, mwalimu. Nikamwomba baba yake amwamuru.

"Mimi nimeshakusamehe," Fundi Kondo alisema, "kwa sababu ndiyo kazi ya mtani. Lakini yeye si mtani wako. Ni mwanafunzi wako. Zungumza naye."

Nikaenda kuchuchumaa mbele ya baraza. Mama Tatu alikuwa anakaanga, Makoye yuko kinuni. Tatu alinitazama usoni, jambo ambalo hakulizoea.

"Mwalimu, siku ile mchana uliita majina?"

"Niliita."

"Nilikusikia ukiita. Ulipofika kwangu niliitika. Nilisema nipo. Nilisema mara tatu." Aliushika mkono wake mbovu kwa ule mzima. "Ulinisikia?"

Mchi ulisimama. Mama Tatu naye aliacha kugeuza vitumbua, nikasikia harufu ya kuungua.

"Kama ulinisikia ukaniacha," alisema Tatu, "sirudi. Kama hukunisikia nitarudi, kwa sababu mtu anaweza asisikie."

"Sikukusikia, mwanangu," nikasema. "Siku ile kulikuwa na upepo."

Jumatatu alikuja kwa barabara nyeupe, Makoye akiwa mbele amembebea kibao chake cha kuandikia. Tulitumia mwezi mzima kufukia yale mashimo, kila mtoto kikapu kimoja cha udongo kabla ya kwenda nyumbani, na mimi vikapu vitano. Nikaanza kuita majina kwa namna ile mliyoiigiza. Jina, kisha nainua macho, kisha namngoja mwenye jina na uso wake. Hakuna aliyejua kwa nini, na sikusema.

Tatu alimaliza darasa la nne akiwa wa pili, nyuma ya Makoye, akaenda shule ya bweni ya wasichana. Fundi Kondo alirudi pwani mwishoni mwa miaka ya hamsini, akaniachia kile kipande cha ubao chenye vipimo vyangu, akisema nikinenepa nimwarifu. Mimi nilihamishwa tena na tena. Katika kila shule nilikuta jambo lilelile limepewa jina jingine. Mahali pengine waliita kuwakaribisha wageni, pengine waliita mazoezi. Kila mara mwalimu wa zamu aliniambia wanacheza tu. Nilichoka kubishana. Nilikuwa nauliza tu kama yule mmoja anaweza kuacha kucheza akitaka, kisha nakwenda nyuma ya shule kutazama miguu.

Sasa ile barua. Mlisikia ikisomwa, nanyi mliipenda. Tatu Kondo naye ni mwalimu siku hizi, mwalimu mkuu huko kwao pwani. Aliandika kwamba huwasimulia walimu wake vijana habari za mwalimu mmoja wa bara aliyekuja mbio kwenye mvua, na kwamba alirudi shuleni kwa sababu mwalimu huyo alimwambia hakumsikia, naye akamwamini. Aliandika kwamba maisha yake yote yamesimama juu ya neno lile. Hapo ndipo mlipopiga makofi.

Hakukuwa na upepo siku ile. Wazee wa huku wanajua kwamba kabla ya mvua ya kwanza hewa hutulia kabisa, hata mbwa akibweka ng'ambo utamsikia. Niliita Tatu Kondo, na kutoka upande wa mashimo nikasikia sauti ndogo ikisema nipo. Mstari wa watoto ukacheka. Ikasema tena. Nikadhani amejificha ananitania, na nikaona ametania vibaya, mbele ya shule nzima. Nikasema moyoni, ngoja nimfundishe. Ilipokuja mara ya tatu kalamu yangu ilikuwa tayari kwenye karatasi, na nilizungusha duara huku naisikia. Mama yake alipoweka kidole pale nilijua pa kukimbilia kwa sababu nilikuwa nimesikia.

Nilimdanganya mtoto ili arudi shuleni, akarudi, akasoma. Nimejiambia hivyo miaka yote hii na haijanipumzisha hata siku moja. Ningeweza kuondoka na siri hii. Ila siwezi kuwaacha walimu wake vijana huko pwani wafundishwe kwa mfano wangu.

Nakala ya kwanza ya maandishi haya niliituma kwake kabla yenu, ili asiyasikie kwa watu. Ni mwezi wa pili sasa tangu niitume. Siku ya barua huwa nakwenda posta mapema, nakaa kwenye benchi pamoja na wenzangu. Karani anatoka na furushi, anaita majina kwa haraka, macho kwenye bahasha, nami nasikiliza mpaka la mwisho.